Samaki Hushushwa Liwatoni, Sahani Hujaa Unga na Mafuta

Liwatoni ni ukingo wa kisiwa cha Mombasa unaotazamana na Likoni, upande wa Ganjoni, kando ya njia ya meli ziingiazo Bandari ya Kilindini. Kituo cha serikali cha uvuvi kiko hapo. Novemba 2018 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alikwenda Liwatoni kuzindua Kikosi cha Walinzi wa Pwani, ambacho moja ya kazi zake ni kuzizuia meli za kigeni zinazovua kinyume cha sheria katika maji ya Kenya. Mwaka 2020 likajengwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu kutoka hapo hadi ng'ambo ya Likoni, likaanza kutumika mwanzoni mwa 2021 ili kupunguza msongamano kwenye feri wakati wa janga la korona.

Kwa hiyo Liwatoni ina bahari, ina samaki, na imezungukwa na maelfu ya watu wanaokwenda na kurudi kazini. Hapa ndipo mtu mzima angetarajiwa kula vizuri kuliko sehemu nyingi za nchi. Haiko hivyo. Mfanyakazi wa kisiwani aliyetoka nyumbani alfajiri bila kustaftahi hukutana njiani na mahamri, chapati, viazi karai, bhajia, na chai iliyokwisha kutiwa sukari sufuriani. Mchana, kibandani, sahani anayoimudu ni wali au ugali mwingi, mchuzi kidogo, na mboga kiasi cha kuonja. Jioni anarudi na njaa, na kinachomngoja barabarani ni karai la mafuta.

Wengi huliona jambo hili kuwa ni udhaifu wa mtu binafsi. Mgonjwa huambiwa kliniki apunguze chumvi, aache sukari, ale mboga. Jirani humwambia ajizuie. Mawaidha hayo ni ya kweli na yana nafasi yake, ila hayafiki mbali. Mtu mzima hula kilicho karibu, anachokimudu, na kilicho tayari saa ile njaa inapomshika. Umbali, bei na muda ndivyo vinavyoipanga sahani yake, na mambo hayo matatu yako mikononi mwa wanaojenga masoko, wanaotoza ushuru na wanaotoa leseni za vibanda kuliko yalivyo mikononi mwa mlaji.

Takwimu zinaliunga mkono jambo hili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vyanzo vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ulionyesha kuwa asilimia 94 ya watu wazima nchini Kenya hawakufikia kiwango cha matunda na mboga kinachopendekezwa, yaani sehemu tano kwa siku, karibu gramu 400. Asilimia 27 walikuwa na uzani uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake peke yao, idadi hiyo ilikaribia asilimia 39. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Watu 94 kati ya 100 hawawezi kuwa wote ni wavivu.

Sababu iko baharini, mbele ya macho ya watu wa Liwatoni. Meli zinazoingia Kilindini hupita katika mkondo wa Likoni, na miongoni mwa shehena zinazoletwa na meli hizo ni ngano, mchele, sukari, na mafuta ghafi ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano na mchele wake, na karibu mafuta yake yote ya kupikia. Bidhaa hizi nne zina sifa moja: hazihitaji barafu. Gunia la unga hukaa kwa miezi, na dumu la mafuta vilevile. Mama anayeanza biashara asubuhi kwa mtaji mdogo hana hofu kwamba unga uliobaki utamharibikia usiku.

Mchicha ni jambo jingine. Ukichumwa alfajiri, adhuhuri umenyauka katika joto la Mombasa. Samaki asiye na barafu huharibika upesi zaidi. Mboga nyingi zinazoliwa kisiwani hutoka mbali, milima ya Taita, Taveta na kwingineko, zikashukia soko la Kongowea upande wa bara kabla ya kuvuka daraja la Nyali hadi soko la Marikiti na kwa mama mboga wa mitaani. Kila kituo kina kibarua wa kulipwa, gari la kulipwa, na fungu linalotupwa kwa kuoza. Muuzaji wa mboga na samaki anabeba hatari asiyoibeba muuzaji wa mahamri, na hatari hiyo hulipwa na mnunuzi. Ndiyo maana shibe ya unga, sukari na mafuta ni rahisi, na shibe ya samaki, kunde na mboga ni ghali.

Hali hii si ya Mombasa pekee. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo FAO, yalikadiria kuwa mwaka 2022 watu bilioni 2.8 duniani hawakumudu gharama ya mlo bora. Barani Afrika walikuwa karibu watu wawili katika kila watatu. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, serikali ya Kenya iliteremsha kwa ruzuku bei ya pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi hadi shilingi 100, baada ya kupita shilingi 200. Mwaka 2024 wananchi walipoupinga Mswada wa Fedha, miongoni mwa mambo yaliyowachoma zaidi ni kodi iliyopendekezwa kwenye mkate na ushuru mpya kwenye mafuta ya kupikia, na mapendekezo yote mawili yakaondolewa kabla mswada wenyewe haujatupwa. Walikuwa na haki ya kupinga, kwa kuwa mkate na mafuta ndivyo vinavyowafikisha mwisho wa mwezi. Lakini inafaa kutambua kuwa mjadala wa bei ya chakula nchini huanza na kuishia kwenye unga, mkate, mafuta na sukari. Ni nadra kusikia bei ya samaki, ya pojo au ya mchicha ikijadiliwa bungeni kwa uchungu kama huo.

Kikwazo cha pili, baada ya bei, ni saa. Kwa miaka mingi feri ya Likoni imetajwa kuvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Wengi wao ni watu wazima wenye kazi kisiwani: vibarua wa bandarini, walinzi, wauza duka, wafanyakazi wa nyumbani, mafundi. Anayehitajika kazini saa moja asubuhi huondoka nyumbani kungali giza, na anayerudi saa mbili usiku hana nguvu ya kubangua nazi wala kuchambua kisamvu.

Chukua mbaazi kwa mfano. Ni chakula bora kabisa: zina protini, zina nyuzinyuzi za kusaidia tumbo na kutuliza sukari ya damu, na bei yake mbichi si kubwa. Lakini mbaazi kavu hutaka kurowekwa, kisha kuchemshwa kwa muda mrefu, na kuni, makaa au gesi hulipiwa. Maji nayo hulipiwa. Mombasa hutegemea maji yanayoletwa kutoka mbali, chemchemi za Mzima na Marere na visima vya Baricho na Tiwi, na hayatoshi. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Familia inayonunua maji kwa mtungi inahesabu gharama ya sufuria ya mbaazi kwa fedha, kwa maji, kwa moto na kwa saa. Ukijumlisha yote hayo, boflo na chai vinashinda.

Mombasa ilikwisha kupata ufumbuzi wa tatizo hili zamani, nao uko wazi kila asubuhi: mama anayechemsha sufuria kubwa ya mbaazi za nazi na kuwauzia majirani. Moto mmoja huhudumia nyumba nyingi. Upungufu wa mlo huu uko kwenye kile kinacholiwa nao, mahamri matatu au manne yaliyozama kwenye mafuta. Angetokea muuzaji wa kuweka kando ya sufuria ileile muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu au mkate wa unga usiokobolewa, kwa bei ileile, mlo wa asubuhi wa mtaa mzima ungebadilika bila yeyote kuhubiriwa.

Tuje kwa samaki, kwa kuwa Liwatoni haiwezi kuzungumziwa bila wao. Mkenya wa kawaida hula kilo nne hadi tano za samaki kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia ni karibu kilo 20. Sehemu kubwa ya samaki wa Kenya hutoka Ziwa Viktoria. Bahari huchangia kidogo, ingawa nchi ina maji yanayofika maili 200 kutoka pwani, katika ukanda wa jodari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Meli kubwa zinazowavua jodari hao kwa kiasi kikubwa ni za mataifa mengine, na nyingi hushusha shehena yao Victoria, Shelisheli, ambako pana bandari na kiwanda cha kuwatia mikebeni. Wavuvi wa Kenya, kwa mitumbwi, ngalawa na mashua, huvua zaidi ndani ya miamba. Upepo wa kusi ukivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na wengi hawawezi kutoka. Samaki hupungua, bei hupanda, na anayeathirika kwanza ni mlaji wa kipato kidogo.

Mvuvi akifika pwani, samaki wake wazuri, nguru, kolekole, changu wakubwa, huchukuliwa na matajiri, yaani wachuuzi wa kati ambao mara nyingi ndio waliomkopesha nyavu au fedha za mafuta ya mashine. Samaki hao huenda hotelini na kwenye maduka ya wenye uwezo. Waliobaki, tafi wadogo, una, vibua na simu, huingia mikononi mwa mama karanga.

Mama karanga ni nguzo ya lishe ya pwani, na hatajwi ipasavyo katika mipango ya serikali. Yeye ndiye anayenunua samaki wadogo, akawakaanga, akawapeleka mpaka mlangoni mwa mtu aliyechoka, kwa vipande vya bei anayoimudu. Samaki wadogo wana mafuta yenye faida kwa moyo, na wanaoliwa pamoja na mifupa huongeza madini ya chokaa mwilini. Ubaya uko karaini, kwa kuwa mafuta ni ghali na hutumiwa tena na tena mpaka yageuke rangi, na kadiri yanavyorudiwa kuchemshwa ndivyo yanavyozidi kuharibika. Hakuna sababu ya kumlaumu. Hana barafu ya kumhifadhi samaki asubiri kuchomwa jioni, hana jiko la kubanikia, na mara nyingi hana hata mtaji wa mafuta mapya kila siku. Kumkaanga samaki ndiyo njia yake ya kumzuia asioze. Apewe barafu na jiko la kuchomea, na sehemu kubwa ya samaki wa karai watageuka samaki wa makaa.

Sukari na chumvi zina hesabu zake. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, kutoka katika kila alichokula. Kwa sukari ya kuongezwa, inashauri isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anazopata mtu kwenye chakula, karibu gramu 50 kwa mtu wa kawaida, na itapendeza ikiwa nusu ya hapo. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu vitatu ni gramu 24 hivi. Soda moja ya mililita 300 ni zaidi ya 30. Anayekunywa vyote hivyo kwa siku amekwisha kuvuka kiwango, na bado hajala kaimati wala hajanywa sharubati. Chai ya kibandani inapotiwa sukari tangu sufuriani, mnunuzi hana hiari ya kupunguza. Kuweka sukari kando, mtu ajitilie mwenyewe, ni jambo lisilo na gharama yoyote kwa mwenye kibanda, na lingewarudishia maelfu ya watu uamuzi wao.

Nyumbani napo pana vizuizi. Katika nyumba nyingi za Mombasa, chungu ni kimoja na walaji ni wengi: babu mwenye shinikizo, mama mwenye kisukari, kijana anayebeba mizigo bandarini, watoto. Mpishi akipunguza chumvi, wengine hulalamika. Akipika kando kwa ajili ya mgonjwa, mgonjwa hujiona ametengwa, na moto unakuwa wa sufuria mbili. Wageni hukaribishwa kwa chai tamu, na kuikataa huonekana ni kumvunjia heshima mwenye nyumba. Harusi ni biriani, na msiba ni pilau. Mwezi wa Ramadhani mtu hufungua kwa tende na maji, mwanzo mzuri kabisa, kisha meza inajaa sambusa, katlesi, kaimati na viazi karai kwa sababu hivyo ndivyo futari ilivyozoeleka.

Hapa panafaa kuwa na uadilifu, maana wako wanaosema chakula cha Mswahili ndicho kinachomuua. Si kweli. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza, kisha hupakwa rojo la nazi na ukwaju, wala hahitaji karai la mafuta. Mchicha wa nazi, kisamvu, mchunga, kunde, pojo, mabenda, muhogo wa kuchemsha, ndizi mbichi, madafu, maembe ya msimu, mapapai: orodha hii ingemridhisha mtaalamu yeyote wa lishe. Nazi ina mafuta mengi, ni kweli, lakini mpishi wa zamani alijua kutofautisha kasimile na tui jepesi, na hakumwaga kasimile kila siku. Biriani ilikuwa ya sherehe. Kilichobadilika ni kwamba vyakula vya sherehe na vya kukaanga vimekuwa vya kila siku, na vyakula vya kila siku vimekuwa vigumu kupatikana vikiwa tayari. Mtu wa Mji wa Kale hana haja ya kujifunza kula majani ya Ulaya ili apone. Anahitaji chakula cha nyanya yake kiuzwe barabarani kwa bei ya bhajia.

Je, inawezekana kubadilisha ulaji wa watu wazima kwa kubadilisha kilicho karibu nao? Mauritius, ndani ya bahari hii hii, ilifanya hivyo. Mwaka 1987 serikali ya kisiwa hicho iliagiza mafuta ya kawaida ya kupikia, ambayo mengi yalikuwa ya mawese, yawe ya soya. Hakuna mpishi aliyelazimika kubadili mapishi yake wala kutafuta duka jingine. Hadi 1992, wastani wa lehemu katika damu za watu wazima ulikuwa umeshuka kwa takribani asilimia 15, na watafiti walihesabu mabadiliko ya mafuta kuwa sababu kubwa. Hata hivyo unene uliendelea kuongezeka katika miaka hiyohiyo, na kisukari kimebaki janga kubwa kisiwani humo. Sera moja nzuri ilitatua tatizo moja. Mengine yalitaka sera zake. Kenya, ambayo sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia huingia kupitia bandari moja, ina nafasi ileile ya kuweka masharti mlangoni.

Brazil inatoa mfano wa pili. Jiji la Belo Horizonte liliunda idara yake ya chakula mwaka 1993. Jiji likafungua mikahawa ya umma inayouza wali, maharagwe, nyama, saladi na matunda kwa bei ya chini, na yeyote aliruhusiwa kula hapo, tajiri kwa maskini, bila kuulizwa mshahara wake. Likawapa pia wafanyabiashara nafasi nzuri za kuuzia, kwa sharti kwamba bidhaa kadhaa za msingi, hasa matunda na mboga, waziuze kwa bei iliyowekwa na jiji. Nafasi ya biashara, ambayo kila mji inayo, ikageuzwa kuwa chombo cha lishe.

Nairobi imeonyesha kuwa hata hapa nchini jambo hili linawezekana, ingawa kwa watoto. Tangu 2023 wanafunzi wa shule za umma jijini humo hulipa shilingi 5 kwa sahani ya mchana inayopikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja. Mtoto akimaliza shule, mpango humwacha. Mama yake, anayefagia ofisi mchana kutwa, hana jiko la pamoja wala bei maalumu, na bado hulaumiwa anapopatikana na shinikizo la damu akiwa na miaka 40.

Watakuwepo wa kusema kuwa mtu mzima ana hiari yake, na serikali haina kazi ya kuchungulia sufuria za watu. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, maana hakuna anayetaka askari wa kaunti wakimwaga karai la mama wa watu barabarani. Wachuuzi wa Mombasa wameonja vya kutosha kubomolewa vibanda na kunyang'anywa bidhaa. Lakini hiari hutaka mambo mawili ya kuchagua. Mtu ambaye mbele yake kuna viazi karai peke yake hajachagua viazi karai. Kazi ya serikali ni kuongeza cha pili mezani, kwa bei inayolingana, kisha imwache mwenye njaa aamue.

Uwezo wa kisheria upo tayari. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti masoko, uvuvi, huduma za afya, na utoaji wa leseni kwa wanaouza chakula kwa umma. Mambo yote manne yanayogusa sahani ya mfanyakazi wa Liwatoni yako chini ya ofisi za gavana wa Mombasa na bunge la kaunti yake.

Yapo pia yanayosaidia tayari. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wakiwa na mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kifaa cha kupima sukari, na mizani. Wanaingia majumbani, wanaongea lugha ya mtaa, na wengi ni wanawake wanaopika katika mitaa hiyohiyo. Mhudumu kama huyo akiikalisha familia nzima pamoja na mpishi, badala ya kumvizia mgonjwa peke yake, anaweza kubadilisha chungu kizima: chumvi ikapungua kidogo kidogo mpaka ndimu na bizari zikachukua nafasi yake, tui likawa jepesi, wali ukapungua nusu na pojo zikaongezeka. Ladha huzoeleka. Lakini mhudumu huyo akitoka nje na kukuta hakuna pojo za kununua wala mchicha wa bei nafuu, maneno yake yanaishia mlangoni.

Kinachotakiwa sasa hakihitaji miujiza. Kwanza, barafu na nafasi katika vyumba vya baridi vya kituo cha uvuvi cha Liwatoni ziwafikie mama karanga na wavuvi wadogo kwa bei nafuu, na kila msimu sehemu ya samaki wanaoshushwa hapo iuzwe kwanza kwa wachuuzi wa mitaani kabla ya kwenda hotelini. Pili, kwenye njia za wapita kwa miguu, kivukoni, Ganjoni, Marikiti na Mwembe Tayari, kaunti iwapunguzie ada ya leseni wenye vibanda wanaouza mbaazi, muhogo wa kuchemsha, samaki wa kuchoma, mboga za majani na matunda, na iwape maji safi, kivuli na jiko la kubanikia. Tatu, kila kibanda chenye leseni kiweke sukari na chumvi kando. Nne, serikali kuu itumie mlango wa Kilindini kusimamia ubora wa mafuta ya kupikia, na ruzuku ijayo ya chakula isiishie kwenye unga. Iguse maharagwe, pojo na samaki.

Waajiri wa bandarini nao wana sehemu yao. Kampuni inayomfungia kibarua zamu ya saa kumi na mbili na kumpa nusu saa ya kula ndiyo iliyomchagulia chakula. Mkahawa mmoja wa wafanyakazi wenye samaki, kunde na mboga, unaolipwa nusu na mwajiri, huenda ukagharimu kidogo kuliko siku ambazo wafanyakazi hao hukosa kazi kwa kisukari na kiharusi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla ya kupitishwa. Katika vikao hivyo barabara, mitaro na taa huombwa kwa sauti kubwa, na zinastahili. Wakazi wa Ganjoni, Likoni na Mji wa Kale wapeleke na maswali mengine: ni kiasi gani cha fedha kimetengwa kwa barafu ya mama karanga, ni vibanda vingapi vya chakula bora vitapewa nafasi kivukoni mwaka huu, na ni afisa gani, kwa jina na cheo, atakayejibu mwaka ujao ikiwa havikujengwa.